Bunduki ya Kitoto

Juu ya mlango wa kambi yetu ya uwindaji kuna ubao, na kwenye ubao huo baba yangu alichonga kwa kisu cha kuchunia: THELATHINI-SIFURI-SITA AU BAKI NYUMBANI. Hiyo ni namba ya risasi. Thelathini ni upana wa mtutu, sifuri-sita ni mwaka risasi yenyewe ilipozaliwa, na kwa baba yangu hakukuwa na sababu ya kuzaliwa nyingine baada yake. Kwa risasi hiyo aliua kulungu, akaua dubu, na siku moja ya hasira akaua jokofu la mama. Mtu aliyekuja kambini na namba nyingine alichekwa mpaka akatamani dubu amle.

Mimi ni Arvo Kesti, mwana wa mzee huyo, umri miaka sabini na miwili, na kwa kuwacheka watu wenye risasi ndogo nilimpita baba. Nasema mapema usije ukanionea huruma bure.

Sheria ya pili haikuandikwa popote, maana huku kwetu Rasi ya Juu, kaskazini mwa Marekani, hata mtoto anayenyonya anaijua. Ukimfyatulia kulungu ukamkosa, jioni unakatwa mkia. Mkia wa shati, yaani lile pindo la nyuma unalochomekea kwenye suruali. Unasimama katikati ya chumba, mwenzako anakuja nyuma yako na mkasi, anakata kipande, kinaandikwa jina lako na namba ya bunduki yako, kinapigiliwa ukutani. Hujikati mwenyewe hata uombe vipi. Mkia hukatwa na mwenzako, ndiyo maana unauma na ndiyo maana unachekesha.

Ukutani kwetu ipo kumi na mmoja. Minne ni ya ndugu yangu Waino, aliyekuwa na macho ya fuko, Mungu amrehemu. Mitatu ni ya jirani yetu Trudeau, ambaye magoti yalimshinda akahamia Florida kwa mwanawe. Miwili ni ya baba, ambaye aliapa hadi kufa kwake kwamba kulungu wote wawili waliinama. Mmoja ni wangu na sitaki kuuzungumzia. Na mmoja ni wa binti yangu Sylvia, kitambaa cha miraba ya kijani. Chini ya jina lake nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: 243. BUNDUKI YA KITOTO. Usidanganywe na namba, risasi hiyo ni nyembamba kuliko ya baba.

Kambi ina vitanda sita. Nalala kimoja. Nikichemsha kahawa mkono bado unapima ya watu sita, nami namwaga iliyobaki nje ya mlango. Naona upweke, sifichi. Jioni nawasha moto wa sauna, nakaa ndani ya mvuke peke yangu, namwagia mawe maji, na hakuna wa kunipigia kelele kwamba nimezidisha.

Mwezi wa nne mwaka jana nilipasuliwa bega la kulia. Daktari, kijana mmoja wa mjini mwenye mikono laini, akaniambia teke la bunduki kubwa sasa ni marufuku, likinipiga mara moja tu kazi yake yote imeharibika.

"Basi nitapigia bega la kushoto," nikasema.

"Jicho lako zuri ni lipi?"

"La kulia."

"Sasa je?" akasema, akaendelea kuandika.

Ilipofika Septemba nikaenda dukani kwa Bernadine, anayeuza bunduki na chambo cha samaki chini ya paa moja. Bernadine tulisoma naye. Hajawahi kuniheshimu hata siku moja.

"Nataka kitu chenye teke dogo," nikamwambia kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na watu upande wa chambo.

"Kitu gani? Sema kwa sauti, Arvo, masikio yangu ni ya kizee."

"Teke dogo."

"Loo! Jamani, sikieni! Arvo Kesti anataka teke dogo!"

Wakacheka mpaka yule aliyeshika kopo la minyoo. Nikavumilia. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Alipomaliza kufurahi akaniuliza maswali ya kazi. "Unawinda nini?"

"Kulungu."

"Dubu je?"

"Dubu tumeshindwana. Abaki kwake."

"Unapiga umbali gani?"

"Hatua themanini. Kule kambini ukiona mbali kuliko hapo ujue umepotea, umetokea barabarani."

"Sasa sikiliza," akasema Bernadine. "Mnakuja hapa mnanunua mzinga wa kuangushia kifaru, halafu mnafyatua mmefumba macho. Kulungu hafi kwa namba. Anakufa kwa mahali risasi ilipoingia. Ukimpiga nyuma ya bega, kwenye mapafu, risasi ndogo inatosha na inabaki. Ukimpiga tumboni kwa risasi kubwa umefanya ukatili tu, na umetembea usiku kucha. Kwa dubu ningekuuzia nzito. Kwa kulungu wa hatua themanini, na bega lako hilo..."

Hakuimalizia. Sote wawili tuliijua namba.

"Mimi sifumbi macho," nikasema.

Basi akanipeleka kwenye shimo la kokoto nyuma ya duka, tukachukua na ile thelathini-sifuri-sita ya baba iliyokuwa garini mwangu. Akanifungia mto mnene begani akasema nipige mbili tu, daktari hatajua, na bunduki atanijazia yeye. Risasi ya kwanza ikalia, kokoto zikaruka, nikauma meno. Ya pili nikalenga vizuri, nikavuta kifyatulio, ikasema *ka*. Basi. Alikuwa ameniwekea ganda tupu, mwanamke yule! Lakini bila teke lolote mtutu ulikuwa umezama chini kama mtu anayeinamia sahani, na mimi macho nilikuwa nimeyafumba. Nikayafumbua nikamkuta ananitazama.

"Umeikwepa bunduki yako mwenyewe," akasema, safari hii bila kucheka. "Tangu lini?"

"Labda tangu bega liharibike."

"Labda tangu tukiwa shule." Akachukua bunduki mkononi mwangu. "Sylvia alikuwa na ile mbili-arobaini-na-tatu. Nilimwuzia mimi mwenyewe, alichuma matunda ya msituni kiangazi kizima kwa ajili yake. Iko wapi?"

"Kabatini kwangu."

"Sasa kwangu umekuja kutafuta nini?"

Bunduki ile ilikuwa ya Sylvia. Kuigusa bila kumwomba nisingeweza, na kumwomba bila kumwambia lile jambo ndiyo kabisa. Jambo lenyewe nilikuwa nimelikalia miaka ishirini na mitatu.

Nitalisema sasa.

Sylvia alipofika miaka kumi na miwili nilimpa thelathini-sifuri-sita, kama baba alivyonipa mimi. Ilimpiga teke akatoka damu puani. Akajaribu tena miaka mitatu, kila mara akifumba macho, na mimi kila mara nikimwambia aache uoga. Alipofika kumi na sita akajinunulia yake. Akasoma vitabu vizima juu yake, uzito wa risasi, kasi, inaingiaje, akaniwekea hesabu mezani penye kahawa.

"Kwa kulungu inatosha, baba. Na sifumbi macho nayo."

"Inatosha kuua sungura," nikasema, na Waino akaangua kicheko.

Siku ya kwanza ya msimu, tarehe kumi na tano Novemba, akampiga dume lenye pembe nane, maana huku tunahesabu kila tawi la pembe, moja imepinda kuelekea jicho. Mvua ilikuwa inanyesha, hakuna theluji. Nilikuwa kando yake, niliona kwa macho yangu. Mlio wa risasi, dume likaruka, likakimbia mkia juu, mweupe, likaingia kwenye kinamasi cha mierezi.

"Nimempiga!" akasema.

Sasa huku kwetu kuna msemo: mkia wa kulungu juu, mkia wa shati chini. Kulungu aliyepigwa hufyata mkia, aliyekoswa huupandisha. Kila mtu anajua hivyo. Baba alijua hivyo. Nikatembea hatua kumi, nikatazama majani yaliyolowa, sikuona damu.

"Umemkosa."

"Nimempiga, baba. Niliiona darubini imetulia. Twende kwenye kinamasi."

"Hiyo punje yako haijamgusa hata manyoya. Mkia juu, mama. Twende ukakatwe."

Akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu akiwa mdogo sana. Jioni nikashika mkasi mimi mwenyewe. Alisimama wima kabisa na hakugeuka, na niliposoma kwa sauti maneno niliyoandika, Waino na Trudeau wakapiga meza kwa vicheko. Yeye akasema, "Mtu mzima angekwenda kuangalia." Akapanda kitandani akageukia ukuta.

Mwezi wa tano nilikwenda peke yangu kinamasini kutafuta vitunguu pori. Hatua mia na hamsini kutoka pale aliposimama Sylvia nikakuta mifupa chini ya mwerezi ulioanguka. Pembe nane, moja imepinda. Kwenye mfupa wa bega la upande wa pili kulikuwa na risasi, imefunguka mdomo kama uyoga. Nilikuwa na ganda la risasi yake kwenye koti tangu Novemba. Nikakipachika kitako cha ile risasi kwenye ganda, kikaingia sawasawa.

Risasi nikaitia kwenye kopo la tumbaku. Nikasema nitamwambia akitoka shule. Nikasema nitamwambia kwenye sikukuu. Msimu uliofuata hakuja kambini, alisema ana kazi, na mwaka uliofuata akaenda zake chuo, kisha Arizona, mahali pasipo na mti wala maji. Kila mwaka lile jambo likaongezeka uzito, na mimi nikaongeza kiburi cha kulibebea. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na mimi kifo kilikuwa kimeanza kunipigia hesabu. Waino alikufa bila kujua. Mama yake Sylvia alikufa bila kujua, na kwenye mazishi yake tulisimama mimi na binti yangu kama watu wanaosubiri basi moja. Tunapigiana simu Krismasi, dakika tatu, hali ya hewa ya kwako na ya kwangu.

Kwa hiyo Oktoba nilipompigia, alipokea kwa kelele.

"Baba! Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Ni bega."

Nikamweleza bega, daktari, shimo la kokoto. Sikumwambia kuhusu kufumba macho. Nikapiga moyo konde: "Nataka kuazima bunduki yako."

"Ipi?"

"Kwangu unazo ngapi?"

"Ile ya kitoto?"

Aliitamka polepole. Nikasema ndiyo, hiyo. Hapo ndipo nilipopaswa kulitoa. Mdomo niliufungua, naapa.

"Chukua," akasema. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Haya, baba. Jikaze na bega."

Nikakata simu nikajitukana kwa lugha zote mbili, ya hapa na ile ya babu zangu waliotoka Ufini, ambayo kwa matusi ni tamu zaidi.

Tarehe kumi na tano Novemba nilikaa kwenye gogo, palepale aliposimama Sylvia siku ile. Nilikula nusu ya pai ya nyama na viazi, mazoea ya kumwachia Waino nusu. Theluji haikuwepo mwaka huo pia, mvua nyembamba tu. Bunduki ya Sylvia ilikuwa nyepesi mapajani. Kwenye kitako alikuwa amechora kwa pini herufi ndogo, S.K., na sikuwahi kuziona, maana sikuwahi kuishika.

Saa tatu asubuhi dume likatoka. Si kubwa, pembe sita. Hatua sabini. Nikaweka alama ya darubini nyuma ya bega, theluthi ya chini, kama Bernadine alivyosema, kama hesabu za Sylvia zilivyosema. Nikafyatua. Teke lilikuwa kama mtu amekugusa kukuita. Na macho yangu yalikuwa wazi, niliona kila kitu: dume likaruka, likageuka, likakimbia mkia juu, mweupe, likaingia kwenye mierezi.

Nilibaki nimekaa. Mkia juu. Waino angekuwepo angeshaanza kupiga makofi. Nikaenda mpaka aliposimama dume, nikatazama majani. Hakuna damu hata tone.

"Mtu mzima angekwenda kuangalia," nikasema kwa sauti. Hakuna aliyenijibu, kwa hiyo nikaenda.

Nilitambaa chini ya mierezi, maji yakaingia kwenye buti, bega likaniuma hadi machozi. Kwa hatua sitini hakukuwa na kitu. Kisha tone moja kwenye jani. Kisha mawili. Kisha mwerezi uliopigwa kama kwa brashi ya rangi. Dume lilikuwa limelala limekufa hatua mia moja na thelathini kutoka nilipolipiga, tundu dogo nyuma ya bega. Lilikuwa limekimbia na mkia juu, na mapafu yamekwisha. Msemo ule ulikuwa upuuzi. Baba alitufundisha upuuzi, nami nilimkatia mtoto shati kwa upuuzi huo.

Nikakaa chini kwenye maji kando ya mnyama, nikalia. Kutoka pale nilikuwa naweza kuuona ule mwerezi wa zamani ulioanguka, umeoza sasa, umeota kuvu.

Kumvuta nje kulinichukua hadi saa nane mchana, na kigari cha plastiki cha kuteleza, na mkono mmoja. Nikamtundika. Kisha nikaingia ndani, nikang'oa misumari miwili, nikautoa mkia wa Sylvia ukutani. Chini yake mbao zilikuwa bado nyeupe. Nikachukua kopo la tumbaku, nikapanda gari hadi kilimani kwenye barabara, ndiko simu inakoshika.

"Baba? Sasa nani?"

"Hajafa mtu. Sylvia, ulimpiga."

"Nini?"

"Lile dume. Pembe nane, moja imepinda. Ulimpiga mahali penyewe kabisa. Nilimkuta Mei, kwenye kinamasi. Risasi yako ninayo mkononi. Nimekuwa nayo miaka yote hii."

Nikangoja. Huko Arizona nikasikia mbwa akibweka, mlango ukafungwa.

"Nilijua nimempiga," akasema. "Nilikuwa najua. Baba, nilikuwa nangoja tu uje uniambie. Mwaka wa kwanza nilingoja sana."

"Niliona aibu. Nilikuwa mjinga, na nikaona aibu, na nikabaki mjinga."

"Ndiyo," akasema. Hakunipunguzia, na alifanya vizuri.

"Nimeutoa mkia wako ukutani. Ninao hapa. Leo jioni nitajikata wangu niuweke badala yake, niandike Arvo Kesti, hakwenda kuangalia."

"Usijikate."

"Ni haki yako."

"Baba, usijikate. Sheria ni sheria. Mkia hukatwa na mwenzako."

Nikatazama barabara. Hakukuwa na gari wala mtu, mvua tu na miti. "Sina mwenzangu hapa, mama," nikasema.

"Umevaa shati lipi?" akauliza.

"Lile jekundu. La sufu."

"Na wangu urudishe ulipokuwa. Nitakuja kuutoa mwenyewe." Kisha akasema, "Na hilo jekundu usilivue mpaka nifike."

Hakusema lini. Nilirudi nikaupigilia mkia wake kwa misumari ileile, kwenye matundu yaleyale. Sasa ni mwezi wa tatu, theluji imefika madirishani, na Bernadine amenikataza kusogelea kaunta yake kwa sababu ya harufu ya shati. Nalifua Jumamosi, nalikausha juu ya mawe ya sauna nikiwa nimekaa uchi nalisubiri, kisha nalivaa tena.